Simu Iliyokwenda kwa Dobi

Hospitali nzima walimwita Kitabu. Aliyeanza kumwita hivyo alikuwa mganga mkuu mmoja wa zamani, ambaye siku moja aliinua simu akataka aletewe kitabu cha namba za ndani, naye akamjibu kwa upole, "Kitabu ndiye mimi, sema unamtaka nani." Tangu siku hiyo jina likamganda, na lile la kwake likabaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Kwa miaka ishirini na minne alikaa katika chumba cha simu, chumba kidogo chini ya ngazi za jengo la kwanza, visikizi masikioni na vidole juu ya vitufe. Mtambo wenyewe ulikuwa wa kizamani, kiasi kwamba wodi hazikuweza kupigiana zenyewe. Muuguzi akiinua simu, anayempata ni Kitabu. Anasema anataka maabara, au stoo ya dawa, au nyumbani kwa daktari wa mifupa, na kabla hajavuta pumzi ya pili simu inaita huko anakotaka. Namba mia tatu na arobaini za ndani, na za nje zisizopungua mia mbili, zote zilikaa kichwani. Orodha ya karatasi isingemfaa kitu, maana surua ilimpofusha akiwa na miaka sita.

Watu walisema ana kipaji. Yeye aliwaacha waseme. Mtu asiyeona hana hiari ya kusahau: ndoo iko wapi, ngazi zinaanzia wapi, nani anavuta pumzi mlangoni bila kusema. Alijua ni hatua sitini na mbili kutoka getini mpaka chumba chake. Alimtambua daktari kwa kikohozi na mfagiaji kwa kandambili. Alichokuwa nacho duniani ni kumbukumbu, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja itamtupa mkono.

Aliishi na mdogo wake wa kike na shemeji yake, fundi wa majokofu, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mdogo wake alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini alimpenda kama amana aliyoachiwa na marehemu mama yao. Majirani walipouliza, "Mgonjwa wako anaendeleaje?" alijibu anaendelea vizuri, na hata siku moja hakuwaambia kwamba dada yake haumwi, ila yuko kazini.

Mambo yalianza kwenda kombo mwaka alioingia arobaini na nane. Hedhi iliruka mwezi, ikarudi kwa fujo, ikapotea miezi mitatu. Kisha likaja joto. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likamvaa uso, na kwa dakika chache akawa kama mtu aliyefungiwa ndani ya jiko. Visikizi viliteleza kwa jasho. Usingizi ukawa wa kuokoteza. Haya yote angeyavumilia, maana kuvumilia alikuzoea. Kilichomtia hofu ni kichwa.

Asubuhi moja mtu alitaka stoo ya dawa, na namba ikamtoka. Namba aliyoipiga kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na minne. Vidole vilibaki hewani. Alisingizia laini mbovu, akamwomba mpigaji ajaribu tena baadaye kidogo, na alipokata alikaa akipapasa vitufe mpaka namba iliporudi yenyewe, kana kwamba ilikuwa imetoka tu kidogo. Wiki iliyofuata alikuwa akihesabu hatua kutoka getini, akafika thelathini na kitu, hesabu ikapotea. Alisimama katikati ya njia ya magari ya wagonjwa hajui kulia wala kushoto, mpaka mlinzi alipokuja kumshika mkono. "Leo Kitabu kimechanika kurasa," mlinzi alimtania, na yeye akacheka naye. Alipofika chumbani kwake alifunga mlango akalia.

Hatimaye alimwomba mdogo wake ampeleke kwa daktari. Alichagua zahanati ya mbali, kwa sababu pale kazini hata kikohozi chako kinafika jikoni kabla hujamaliza kukohoa. Daktari alikuwa kijana, sauti yake ilionyesha. Aliuliza maswali mazuri, tatizo ni kwamba hakumwuliza mgonjwa. "Anapata hedhi?" alimwuliza mdogo mtu. "Ana mume? Amewahi kuzaa?" Mdogo wake alicheka kidogo, kile kicheko cha aibu, akasema mume atoke wapi. Kitabu alikaa kati yao kama mkoba uliowekwa juu ya kiti. Aliposema mwenyewe kwamba anasahau, na kwamba kusahau kwake ni hatari, daktari alimshika bega akamwambia kwa sauti ya juu, kana kwamba masikio nayo yameharibika, kwamba ni umri tu mama, anywe maji mengi na apumzike.

Walipotoka nje mdogo wake alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayewaza kwa sauti, "Dada, mimi sielewi. Wewe hata hukuzaa. Sasa kinachokoma ni nini?"

 Kitabu alikuwa nalo la kujibu, lakini lilikuwa jambo ambalo marehemu mama yao alimwapisha asilitoe mdomoni, naye akaliweka miaka kumi na saba. Alimshika mdogo wake mkono, wakaenda nyumbani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi simu ya wodi ya wazazi ililia, na muuguzi wa zamu, ambaye sauti yake Kitabu aliifahamu vizuri, alisema maneno manne tu: "Benki ya damu, haraka."

Benki ya damu ilikuwa mbili moja nne. Kitabu alibonyeza mbili nne moja.

Hakujua. Vidole vilikwenda kwa uhakika wao wa siku zote, simu ikaita, ikapokelewa, akatoka kwenye laini kama kanuni ilivyotaka. Na wakati huohuo joto likampanda, kali kuliko alivyowahi kulipata. Pumzi zilikata. Ndani ya kile chumba kisicho na dirisha alihisi anazama. Alivua visikizi, akapapasa ukuta mpaka kwenye bomba la mwisho wa korido, akafungua maji akaweka kichwa chini yake. Alikaa hapo. Baadaye aliambiwa ni dakika kumi. Yeye angeapa hazikuzidi mbili.

Aliporudi, mtambo ulikuwa unapiga kelele kila upande. Alichukua laini ya kwanza, ilikuwa ya wazazi. Muuguzi hakuwa akisema tu, alikuwa akilia huku anasema. Damu iko wapi? Chupa tatu zilipimwa tangu jana na kuwekwa kando kwa jina la yule mama, kwa nini hazijaletwa? Mbona simu haipokelewi? Kitabu alipiga mbili moja nne. Wa benki ya damu akashangaa: hakuna mtu aliyewapigia tangu asubuhi. Ila sasa hivi, akasema, kuna mama wa dobi amefika hapa dirishani anahema, naye anasema habari hiyohiyo.

Damu ilifika wodini dakika kumi na tisa baada ya simu ya kwanza.

Saa nne kasoro robo laini ya wazazi ililia tena. Sauti ya muuguzi ilikuwa imetulia sasa, kavu. "Kitabu," alisema, "nipe chumba cha maiti." Namba hiyo hakuisahau. Ilikuja mara moja, bila kutafutwa, na vidole vyake vikaipiga bila kosa. Mtoto, wa kike, alipona.

Alimaliza zamu yake. Watu walikuja kumwuliza baadaye aliwezaje. Simu zililia, akazipokea. Nyumbani alisema kichwa kinamwuma, akalala na nguo zake.

Kesho yake, kabla ya saa nne, alisikia hatua kwenye korido asizozifahamu. Mguu mmoja ulikanyaga sawasawa, kisha kitu cha mbao kikagonga sakafu, kisha mguu uliokuwa ukiburuzwa. Hatua zilisimama mlangoni pake.

"Mimi ni wa kule kwa dobi," mwanamke alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mzima. "Ndiye niliyepokea ile simu."

Kitabu alijua amekuja kumsuta. Alijinyoosha kwenye kiti, akamwambia aingie, akae.

Mama Dobi aliketi kwa kujitupa, kama wanavyoketi wenye mguu mmoja wa kutegemea. Kwanza alieleza yaliyotokea, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza. Mashine zilikuwa zinanguruma. Alisikia sauti ya mwanamke ikisema chupa tatu, wodi ya wazazi, mama anatoka damu nyingi, leteni sasa hivi, na kabla hajasema hapa ni kwa dobi simu ilikatwa. Aliinua simu ampate Kitabu. Ikaita. Akaiweka, akainua tena. Ikaita. Vijana wote walikuwa wametoka na mikokoteni ya shuka. Basi akachukua gongo lake akaenda mwenyewe, na kutoka kule kwa dobi mpaka benki ya damu ni mwisho wa kiwanja mpaka mwisho wa kiwanja, na katikati pana mwinuko.

"Mguu huu ulipooza nikiwa mtoto," alisema. "Kwa mtu mwingine ile ni dakika nne. Kwangu ni kumi na zaidi. Na ndani mle nilikuwa na mpiga pasi. Kiziwi, lakini ana miguu miwili mizima na anasoma vizuri kuliko mimi. Ningemwandikia maneno matatu kwenye karatasi, angekimbia. Sikuwaza. Nimelala na hilo."

Kitabu hakuwa ametarajia hayo. Alifungua mdomo amwambie kosa si lake, lakini mwenzake akamtangulia.

"Nataka kukuuliza. Nilipokupigia, ulikuwa wapi?"

"Bombani."

"Bombani unafanya nini?"

"Nimeweka kichwa chini ya maji."

 Simu moja ililia, Kitabu akaiunganisha, akarudi.

"Lilianza lini hilo joto?" Mama Dobi aliuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Kitabu alianza kujibu kama anayejibu polisi, kwa tarehe na miezi, lakini alipofika kwenye ile asubuhi ya stoo ya dawa tarehe zikamwishia. Akaeleza kwa vipande: namba zinazopotea, hatua zinazopotea, hofu ya kuamka kila siku hujui leo kitakachokutoka ni kipi. Kwamba kwa anayeona, kusahau ulipoweka funguo ni kero, lakini yeye akisahau, dunia yote inazimwa. Simu zilimkatiza mara sita au saba, na kila mara mgeni wake alingoja.

Naye akasimulia yake. Yalipomkuta, viganja vilitoka jasho mpaka gongo likawa linateleza. Alianguka mara tatu mwaka mmoja, ya tatu akavunjika kifundo cha mkono, na kila alipoanguka watu walimwinua wakisema masikini, ndiyo hali yao. Mifupa ilimwuma, hasira zilimjaa, alikuwa anafokea hata mashine. Miaka miwili alidhani anakufa. Aliyemwambia ni kitu gani alikuwa yule mpiga pasi, kwa kumwandikia kwenye kipande cha karatasi ya sabuni, kwa sababu yeye alishapitia huko akiwa peke yake, bila hata mtu wa kumsikia akilia.

"Sijaja kukufariji," alisema akiinuka. "Mama wa watu amekufa. Nimekuja kwa sababu mzigo huu tumeubeba wawili, na sioni kwa nini kila mtu aubebe gizani kwake." Kisha akakumbuka anasema na nani, akaguna. "Samahani, nimesema vibaya."

"Umesema sawa," Kitabu akamwambia.

Uchunguzi uliitishwa wiki ya pili. Muuguzi wa wazazi aliandika kwamba simu ilikuwa mbovu, na kweli kwake yeye ilikuwa hivyo. Siku moja kabla ya kikao, msimamizi wa ofisi alishuka mpaka chumba cha simu, akafunga mlango nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza Kitabu kwamba wameomba mtambo mpya kwa miaka saba, na sasa ndipo watakapopewa. Mtambo ulikwama, ndivyo ilivyoandikwa, na hakuna anayehitaji zaidi ya hapo. Halafu akaongeza neno lililomchoma Kitabu kuliko yote. Kulikuwa na vijana wawili, msichana na mvulana, wote wasioona, waliomaliza chuo na kuomba kazi ya simu pale. Barua zao zilikuwa mezani. "Ukisema ulikosea namba," msimamizi alisema, "hawatasema Kitabu amekosea. Watasema kipofu amekosea. Unanielewa, mama?"

Alimwelewa. Alimwelewa kabisa, na usiku huo hakula. Jioni ile ile alikuwa amepita kwa Mama Dobi kumweleza. Mama Dobi hakumshauri. Alisema tu kwamba yeye hatafungua mdomo mpaka Kitabu afungue wake, na akinyamaza, yeye naye atanyamaza, na hatamhesabia.

Kwenye kikao kulikuwa na wanaume watano na muuguzi mkuu, mwanamke wa rika lake. Walimwuliza kama mtambo ulikwama. Kitabu aliwaza wale vijana wawili. Aliwaza pia mtoto wa kike aliyezaliwa Jumatano, ambaye siku moja atauliza mama yake alikufaje, na atakachosomewa ni karatasi hii.

"Mtambo ulikuwa mzima," alisema. "Nilipiga namba ya dobi badala ya benki ya damu. Kisha nikaondoka kwenye kiti dakika kumi."

Mtu mmoja akamwuliza aliondoka kwa nini. Akawaambia. Aliwaambia hedhi yake inakoma, na joto lilimzidi, na kwamba kwa muda wa mwaka mzima kumbukumbu inamtoka, na alikwenda kwa daktari akaambiwa anywe maji, na pale kazini hakumwambia mtu kwa sababu aliogopa kupoteza kiti. Alisikia kiti kikilia, mtu akikohoa, kalamu ikiwekwa mezani. Mzee mmoja alisema kwa haraka kwamba hayo si lazima yaandikwe, iandikwe sababu za kiafya. Muuguzi mkuu hakusema neno.

Baadaye, kwenye korido, huyo muuguzi mkuu alimfuata. Kitabu alimjua kwa viatu vyake. Alimshika kiwiko akasogea karibu. "Hata mimi," alinong'ona. "Mwaka wa pili sasa. Huwa nafunga ofisi, naweka feni usoni." Kitabu alingoja aseme kwa nini hakuyasema mle ndani.  Mkono ulikilegeza kiwiko, viatu vikaondoka. Yeye alikuwa na mlango wa kufunga.

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Aliondolewa chumba cha simu. Chini kulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba nafasi hiyo kuanzia sasa ipewe mtu "asiye na upungufu wa viungo". Msimamizi ndiye aliyemsomea, na sauti yake haikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kuonya. Barua za wale vijana wawili zilirudishwa. Kitabu aliomba akaombe radhi kwa familia ya marehemu, akakataliwa, mambo ya kisheria. Aliomba barua yake wapelekewe. Hakujua kama ilifika.

Nyumbani mdogo wake alilia kwa aibu. Si kwa kifo, si kwa kazi. Alilia kwa sababu dada yake alisimama mbele za wanaume akataja hedhi. "Nani alikuuliza?" alisema. "Si ungenyamaza tu?" Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa ya salamu tu. Shemeji peke yake ndiye aliyefanya alichoweza: alileta feni kuukuu aliyoitengeneza, akaiweka kando ya kitanda cha Kitabu, akatoka.

Walitaka kumstaafisha. Mama Dobi alikwenda mwenyewe mpaka utawala, na gongo lake, akawaambia anahitaji mtu wa kukunja shuka, na kukunja hakuhitaji macho wala namba. Ndivyo Kitabu alivyopelekwa kwa dobi, akiwa na miaka arobaini na tisa, kuanza upya kama mwanafunzi.

Kazi ilikuwa ngumu na ilimchosha. Mle ndani mvuke ulikuwa mwingi, na mtu mwenye joto lake mwenyewe angedhani ameletwa kuadhibiwa. Lakini Mama Dobi na mpiga pasi walikuwa na utaratibu wao wa zamani. Saa saba, mashine zikizimwa, walitoka nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha kamba za kuanikia, wakakaa juu ya marobota ya shuka chafu ambazo hazijafunguliwa. Mpiga pasi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole vigumu kwa moto. Kwa Kitabu asiyeona na yeye asiyesikia kuzungumza kulikuwa kichekesho kwanza: mmoja akisema, mwingine hasikii, mwingine akiandika, mmoja haoni. Mama Dobi ndiye aliyekuwa daraja, akisoma karatasi kwa sauti, akiandika majibu, akilalamika kwamba wamemfanya tarishi. Polepole mpiga pasi alijifunza kuchora kwenye kiganja cha Kitabu herufi zile alizozikumbuka tangu kabla ya surua. Neno la kwanza alilomchorea lilikuwa JOTO, na alama ya kuuliza.

 Kuna siku Kitabu alifoka bure, akarusha sahani, na hakuna aliyemwambia ana wazimu. Walimwacha mpaka alipotulia, kisha mmoja akaokota sahani. Kuna siku alilia kwa ajili ya mtambo, kwa ajili ya zile sauti za asubuhi zilizomwita kwa jina lake, kwa ajili ya kiti alichokikalia kijana mwenye macho na orodha ya karatasi. Na kila Jumatano ilipofika saa mbili na dakika arobaini aliacha kukunja. Mama Dobi alijua. Hakumwambia asahau. Alikuja tu akasimama karibu, naye akaacha kazi mpaka dakika ile ipite.

Siku moja ya mvua hawakuweza kutoka nje, wakakaa kwenye ghala la shuka safi. Robota la wodi ya wazazi lilikuwa limeletwa muda huohuo, na harufu ya damu iliingia mpaka pale walipokuwa. Mpiga pasi aliinuka akafunga mlango. Pengine ni harufu ile, pengine ni mvua, Kitabu alianza kusema bila kuulizwa.

Alisema kwamba alipokuwa na miaka thelathini na mmoja kulikuwa na mtu wa maabara aliyekuwa akishuka chumba cha simu kila siku saa ya chai. Hakumhadaa, hakumlazimisha. Walipendana. Kisha akahamishwa, na barua alizosema ataandika hazikuandikwa, au ziliandikwa zikakosa wa kuzisoma. Yeye akabaki na mimba ya miezi minne. Mama yake alikuwa wa kwanza kugundua, akamfungia ndani, akawaambia watu ana malaria. Mimba ilitoka siku ya tano. Mama alifagia, akafua, akamwapisha. Alisema mtu akijua kwamba kipofu alishika mimba, watasema walimwacha bila kumlinda, na mdogo wake hataolewa. Mdogo wake mpaka leo anajua ilikuwa malaria.

"Daktari akauliza kama nimewahi kuzaa," alisema. "Mdogo wangu akacheka. Na mimi nikakaa kimya, nikawaza, basi ndiyo imekwisha. Mlango huo sasa umefungwa na hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba uliwahi kufunguliwa."

Mama Dobi aliyaandika yote kwa mpiga pasi. Ilimchukua muda mrefu. Kitabu alisikia penseli ikikwaruza, ikisimama, ikikwaruza tena. Mvua ilizidi. Kisha mkono mgumu wa mpiga pasi ulichukua kiganja chake, ukakinyoosha, ukachora herufi moja moja. Kitabu alizifuata mpaka mwisho. Lilikuwa swali: alimpa jina?

Alimpa. Alimpa siku ileile, akiwa amelala kaelekea ukutani wakati mama yake anafagia, na hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake.  Midomo ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Halafu akalisema.

Mama Dobi akalirudia, kwa sauti yake ile nzito, taratibu, kama mtu anayetambulishwa. Akaliandika kwenye karatasi kwa ajili ya mwenzao. Mpiga pasi alilisoma, na sauti yake mwenyewe, ambayo kwa miezi yote hiyo Kitabu hakuwa ameisikia hata mara moja, ikatoka ikiwa na kutu na isiyonyooka, ikilijaribu jina lile.

Kitabu aliinama akalia mpaka mbavu zikamwuma. Hawakumnyamazisha. Nje mtu aligonga mlango akasema wazazi wanataka shuka, wameishiwa. Mama Dobi akamjibu asubiri. Baada ya muda Kitabu alijifuta uso kwa kanga, akainuka, akapapasa rafu mpaka akapata zilizokunjwa, akaanza kuhesabu kwa sauti shuka anazozitoa. Alipofika kumi na moja hesabu ikampotea. Mama Dobi akamwambia ni kumi na moja, naye akaendelea.